Ngazi ndiyo njia ya mawimbi: habu gani kwa nyumba ya mawe Mji wa Kale?

Swali: Assalaam aleikum. Tunakaa Mji wa Kale, Mombasa, nyumba ya chini na orofa mbili, kuta za mawe za zamani, ua katikati. Kidogo kidogo tumenunua balbu 11 na soketi 5 za Wi-Fi, za kampuni tatu, na sasa simu ina programu tatu. Ruta iko ukumbini chini. Za chini ziko sawa, za orofa ya pili hupotea kila siku. Stima ikirudi usiku, balbu zote huwaka. Mama yetu ni mtu mzima, hulala juu na hushuka ngazi alfajiri kutawadha. Nataka taa ya ngazi iwake yenyewe. Duka moja laniambia ninunue habu ya Zigbee, yaani kisanduku cha kuviongoza vifaa vyote, jengine lasema ningoje Matter. Pia nataka kuwasha pampu ya tangi kwa simu. Nianze wapi?

Jibu: Waaleikum salaam. Chukua Zigbee, redio ndogo ya vifaa vya nyumbani, usingoje Matter, lugha ya pamoja ya vifaa hivyo (zote mbili nitazieleza chini), na kabla hujatoa shilingi yoyote panda ngazi ya nyumba yako ukiwa na simu mkononi. Nyumba kama yenu haina shida ya chapa. Shida yake ni kuta, na habu iliyo bora duniani ikiwekwa pahali pabaya itakushinda vilevile.

Tazama jinsi nyumba yenyewe ilivyojengwa. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa huwa na unene wa karibu nusu mita. Vyumba ni vyembamba kwa sababu zamani urefu wa boriti ndio uliopima upana wa chumba, kiasi cha mita mbili na nusu hadi tatu. Kwa hiyo katika mita kumi tu mawimbi hukuta kuta tatu au nne, ilhali nyumba ya kisasa ya Nyali yenye sebule pana huenda ikawa na ukuta mmoja mwembamba wa tofali katika umbali huohuo. Kama sakafu zenu za juu ni za boriti na mawe, hizo nazo ni kuta zilizolazwa. Kama ni za mbao, una bahati. Na jiwe la matumbawe lina matundu, hunywa maji. Ukuta uliolowa hunyonya mawimbi ya 2.4 GHz kuliko ukuta mkavu, ndiyo maana kifaa kilichoshika vizuri wakati wa kaskazi kinaweza kupotea masika yakiingia bila ya mtu kugusa kitu.

Mahali ambapo mawimbi hupita bila kizuizi ni pawili: tundu la ngazi na ua. Mtandao wako utajengwa kufuata njia hizo mbili.

Weka kwenye simu programu ya bure ya kupima Wi-Fi, ile inayoonyesha nguvu kwa dBm. Namba ni hasi, na kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo ilivyo nzuri. Anza ukumbini karibu na ruta, kisha kila chumba, kila kituo cha ngazi, na ukingo wa ua katika kila orofa. Andika namba kwenye karatasi. Kati ya -40 na -65 ni nzuri. Ikifika -75, balbu itakuwa inakuja na kwenda. Ikipita -80, usijisumbue. Kumbuka kwamba kipimo hiki hakishuki kama rula: kila 3 zinazoshuka ni nusu ya nguvu iliyopotea, na kila 10 zinazoshuka hukuachia sehemu moja ya kumi. Kutoka -65 hadi -85, basi, umebakiwa na sehemu moja ya mia. Huenda ukakuta kituo cha ngazi cha orofa ya kwanza kinasoma vizuri kuliko chumba kilicho mita nne tu kutoka kwa ruta. Hapo ndipo habu itakapokaa.

Sasa kuhusu itifaki, yaani lugha ambazo vifaa hivi huzungumza. Wi-Fi kila kifaa husema na ruta moja kwa moja. Balbu yako ya orofa ya pili haiwezi kupitisha ujumbe kwa balbu ya orofa ya kwanza. Ni lazima sauti yake ifike chini peke yake. Zigbee ni tofauti. Karibu kila kifaa cha Zigbee kinachokula umeme wa ukutani, soketi au swichi yenye nyutro (ule waya unaokamilisha mzunguko wa umeme), ni ripita pia: hupokea ujumbe wa jirani yake na kuupeleka mbele. Vifaa vya betri, kama vihisi vya mlango na vya mwendo, havirudishi ujumbe wa mwengine, husema na ripita iliyo karibu kisha hulala ili betri idumu. Kasi ya Zigbee ni kilobiti 250 tu kwa sekunde, ndogo mno kwa kamera, lakini amri ya kuwasha taa ni baiti chache na hutosheka. Ukiweka soketi moja ya Zigbee katika kila kituo cha ngazi, ujumbe hupanda kama mtu apandavyo, ngazi kwa ngazi, badala ya kujaribu kutoboa sakafu.

Z-Wave nayo hurudisha ujumbe namna hiyo, na hutumia masafa ya chini yanayopenya kuta vizuri zaidi. Ila masafa yake hutegemea nchi ambayo kifaa kilitengenezwa kwa ajili yake: cha Ulaya kiko kwenye 868 MHz na cha Marekani kwenye 908 MHz, na viwili hivyo havisikilizani kabisa. Jamaa akikuletea swichi kutoka Marekani na habu umeinunua Dubai ya toleo la Ulaya, umepoteza pesa. Zigbee na Wi-Fi za 2.4 GHz hazina shida hiyo. Bluetooth iache kwa kufuli na mizani.

Matter inataka maelezo kidogo, kwa sababu maduka yanaiuza kama dawa ya kila ugonjwa. Toleo lake la kwanza lilitoka Oktoba 2022. Matter si redio mpya. Ni lugha ya pamoja inayopita juu ya Wi-Fi, juu ya waya wa mtandao, au juu ya redio iitwayo Thread. Thread iko katika masafa yaleyale ya Zigbee na hurudisha ujumbe vilevile, kwa hiyo haitapenya ukuta wa matumbawe kuliko Zigbee. Balbu ya Matter inayotumia Wi-Fi itapotea orofa ya pili sawasawa na hizi ulizo nazo. Na balbu zako 11 hazitageuka kuwa za Matter isipokuwa aliyezitengeneza atoe sasisho, jambo ambalo kwa balbu za bei nafuu usilitegemee. Kinachofaa ni kununua habu ya Zigbee ambayo pia yaweza kuvitambulisha vifaa vyake kwa Matter. Kesho ukinunua kitu cha Matter vitaelewana, na leo una mtandao unaofanya kazi.

Kuna habu za aina mbili. Ya kwanza ni kisanduku tayari cha kampuni moja: unachomeka, unaweka programu, unaanza. Ya pili ni kompyuta ndogo yenye Home Assistant, programu huria ya bure ilioanza mwaka 2013, pamoja na kijiti cha USB cha Zigbee. Kwa nyumba yenu yenye kampuni tatu tayari, mimi ningechagua Home Assistant, kwa sababu yaweza kuzikusanya programu zote tatu katika ukurasa mmoja. Lakini inataka mtu wa nyumbani atakayeipenda, atakayekaa nayo Jumapili mbili tatu na kuipa sasisho kila mwezi. Kama mtu huyo hayupo, nunua kisanduku tayari, wala usione haya. Muulize muuzaji mambo manne: je, ni Zigbee 3.0, je, ina tundu la waya wa mtandao, je, ratiba na amri zake hufanya kazi intaneti ikiwa imekatika, na je, yapokea vihisi vya kampuni nyengine. Akibabaika kwa swali la tatu, toka dukani.

Swali hilo la tatu nalisisitiza kwa sababu. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika upande wa kusini mwa Afrika, na intaneti ya Kenya ikazorota kwa siku kadhaa, ingawa nyaya hizo zinatua papa hapa Mombasa. Vifaa vingi vya Wi-Fi vya bei nafuu hupeleka kila amri kwa seva ya ng'ambo kisha huirudisha: kidole chako kiko sebuleni, taa iko juu ya kichwa chako, na ujumbe umezunguka bara jengine. Taa ya ngazi anayoshuka mama alfajiri haifai kutegemea waya ulio chini ya bahari.

Tuje kwenye kazi yenyewe. Habu iweke kituo cha ngazi cha orofa ya kwanza, kimo cha mita moja hadi moja na nusu, mahali ambapo ukisimama waona ngazi za juu na za chini. Usiiweke ndani ya kidaka. Najua kidaka kinavutia, kinaonekana kama kiliumbwa kwa ajili yake, lakini kimechongwa ndani ya ukuta: mawe yako nyuma, juu, chini na pande zote mbili, na mawimbi yana mlango mmoja tu wa kutokea. Usiiweke nyuma ya friji wala ndani ya kabati la chuma. Ipeleke waya wa mtandao kutoka kwa ruta kupitia ngazi, wa Cat5e au Cat6, badala ya kuiunganisha kwa Wi-Fi. Kama waya utapita uani, nunua wa nje wenye ganda jeusi. Ule wa kawaida wa kijivu jua la hapa huupasua. Na usitoboe ukuta wa nje kabla ya kuuliza, kwa maana Mji wa Kale ni eneo la hifadhi.

Ukitumia kijiti cha USB, usikichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta. Matundu ya USB 3.0, yale ya buluu, na diski za nje zinazoyatumia, hutoa kelele ya redio katika 2.4 GHz ileile ya Zigbee. Mtu huweka kijiti, vifaa vitatu vinaungana, cha nne kinakataa, na yeye hurudisha kijiti dukani akidhani ni kibovu. Tumia waya wa kurefusha USB wa mita moja au zaidi, uchomeke kwenye tundu la USB 2.0, na kijiti kisimame mbali na kompyuta na mbali na ruta, angalau mita moja.

Kisha chaneli. Wi-Fi na Zigbee hugombania uwanja mmoja, na Mji wa Kale nyumba zimebanana, ruta za majirani ni nyingi. Ingia kwenye mipangilio ya ruta, upande wa 2.4 GHz, weka upana wa 20 MHz na uchague chaneli moja kati ya 1, 6 na 11, usiiache ijichagulie. Zigbee ina chaneli 11 hadi 26, na namba zake hazilingani na za Wi-Fi, hapo ndipo wengi hukosea. Chaneli ya 15 ya Zigbee iko 2425 MHz, katika mwanya kati ya Wi-Fi ya 1 na ya 6. Ya 20 iko 2450, kati ya 6 na 11. Ya 25 iko 2475, juu ya zote. Ruta yako ikiwa kwenye 1, weka Zigbee 20 au 25. Ikiwa kwenye 6, weka 25. Ikiwa kwenye 11, weka 15. Ya 26 iache, kwani baadhi ya vifaa haviisikii vizuri. Fanya uamuzi huu kabla ya kuunganisha hata kifaa kimoja, kwa sababu ukibadilisha chaneli baadaye, vihisi vya betri vingine itakubidi uviunganishe upya kimoja kimoja.

Anza kuunganisha soketi za Zigbee, si vihisi. Ya kwanza iwe iliyo karibu na habu, halafu ya orofa ya pili kwenye kituo cha ngazi, halafu ya chini, halafu ukingo wa ua. Kanuni ya nyumba za mawe ni hii: ujumbe usivuke zaidi ya ukuta mnene mmoja bila kukuta ripita upande wa pili. Kwa nyumba yenu nakisia soketi tano hadi saba, na hizo soketi ziwe ni zile ambazo hakuna atakayezichomoa ili achaji simu. Ziache siku nzima ndipo uingize vihisi, na kila kihisi kiunganishe palepale kitakapokaa. Kihisi kikiunganishwa mezani karibu na habu, mara nyingi hung'ang'ania njia ya mwanzo na hukata mawasiliano ukikipeleka juu.

Balbu zako za Wi-Fi usizitupe. Zote 11 zikusanye chini, karibu na ruta, ambako tayari zafanya kazi. Kama programu zake hukataa kuziona, tenganisha majina ya 2.4 GHz na 5 GHz kwenye ruta, kwa kuwa balbu nyingi hazijui 5 GHz, na usalama uweke WPA2. Angalia pia kwamba simu na balbu haziko kwenye Wi-Fi ya wageni, ambayo kwa kawaida huvizuia vifaa visionane. Ruta za kampuni za intaneti mara nyingi huanza kuchoka vifaa vikifika ishirini au thelathini ukihesabu simu, televisheni na laptopu, hiyo ni sababu nyengine ya kutoongeza balbu za Wi-Fi.

Orofani tumia swichi badala ya balbu. Balbu ya kisasa mtu akiizima ukutani imekufa, na wageni na watoto watazima ukutani siku zote. Tena balbu ya Zigbee iliyozimwa ukutani huwakatia njia wale waliokuwa wakipitia kwake. Kuna kifaa kidogo, kiasi cha kiberiti, kinachoingia nyuma ya swichi ya kawaida: swichi inabaki ileile, mama anaibonyeza kama alivyozoea, na habu nayo yaweza kuiwasha.

Hapa sharti ni nyutro. Swichi nyingi za nyumba zetu zina waya mbili tu, laivu (waya wenye moto) inayokuja na ile inayokwenda kwenye taa. Usidanganyike na rangi. Katika nyaya za zamani nyekundu ni laivu na nyeusi ni nyutro, lakini fundi aliyeteremsha waya wa rangi mbili hadi kwenye swichi alitumia ule mweusi kurudisha umeme kwenye taa, kwa hiyo mweusi ulio nyuma ya swichi huwa na moto wa 240 taa ikiwashwa. Mwite fundi mwenye leseni ya EPRA, azime mein swichi, afungue na apime kwa mita. Akikuta kifungu cha nyaya kilichofungwa nyuma ya kisanduku na kupima kwamba ni nyutro, nunua kifaa cha nyutro, kitakuwa ripita pia. Asipokuta, kuna vifaa visivyotaka nyutro, lakini jua mambo mawili: kwa kawaida havirudishi ujumbe, na hupitisha umeme mdogo kwenye taa hata ikiwa imezimwa, hivyo LED ndogo yaweza kung'aa kidogo au kupepesa. Dawa yake ni kapasita maalumu inayouzwa pamoja na kifaa, hufungwa sambamba na taa.

Na taa ya ngazi. Hii ndiyo sehemu ya kufikiriwa kwa makini kuliko nyengine zote, kwa sababu mtu mzima akikosa daraja moja gizani ni hatari. Vihisi vya mwendo vya kawaida huona joto: hutofautisha joto la mwili na la ukuta ulio nyuma. Mombasa mwezi wa Februari na Machi, ngazi isiyo na upepo hukaribia joto la ngozi, na tofauti ile hupungua. Kihisi kilichoandikwa mita saba kwenye boksi kihesabu mita tatu. Kiweke ubavuni mwa ngazi ili mama apite mbele yake kutoka upande mmoja hadi wa pili, wala si pale atakapokuwa akikijia usoni, kwani vihisi hivi huona vizuri kinachokatiza. Weka viwili: kimoja mlangoni mwa chumba chake ili taa iwake kabla hajafika daraja la kwanza, kimoja chini. Muda wa kuzima uwe dakika tano. Mtu mzima hushuka polepole, husimama, hushika ukuta. Nguvu ya mwanga iwe robo au theluthi, ya rangi ya joto, isimwumize macho.

Kisha, nje ya mfumo wote huu, tundika ngazini taa moja ya dharura yenye betri yake, ile inayojiwasha stima ikikatika. Haijui Zigbee wala habu, na ndiyo sababu yake kuwa pale. Usiku wa Agosti 25, 2023 nchi karibu nzima ilikuwa gizani, na hakuna habu ambayo ingewasha taa isiyo na umeme.

Balbu zinazowaka zote stima ikirudi zina dawa rahisi. Kwenye programu ya kila balbu tafuta mpangilio wa hali baada ya umeme kurudi, uweke irudi ilivyokuwa au ibaki imezima. Balbu za bei ya chini kabisa hazina mpangilio huo. Hizo zihamishie kwenye stoo na jikoni.

Habu, ruta na kisanduku cha faiba vyote vitatu viweke kwenye UPS ndogo ya volti 12, yaani betri ya akiba. Piga hesabu kabla ya kununua. Kisanduku cha faiba hula wati 5 hivi, ruta 7, habu 4, jumla 16. UPS iliyoandikwa 8800 mAh, namba hiyo imepimwa kwa volti 3.7 za betri ya ndani, si kwa 12: ni saa-wati 32, na baada ya hasara ya kubadilisha volti unapata kama 26. Ishirini na sita kwa kumi na sita ni saa moja na nusu hivi. Muuzaji akikuambia saa nane, amegawanya kwa namba isiyo sahihi. Soketi zinazorudisha ujumbe zitazimika stima ikipotea, hilo halina njia, lakini habu isipozimika mtandao hujirudia wenyewe dakika chache baada ya stima kurudi. Kama ni Home Assistant, usiiweke kwenye kadi ya SD; kukatika kwa stima katikati ya kuandika huiharibu. Tumia diski ya SSD, na nakala ya mipangilio itoke kila wiki iende kwenye kompyuta nyengine.

Pampu. Usiichomeke kwenye soketi ya kisasa, hata kama imeandikwa ampea 16. Namba hiyo ni ya mzigo kama pasi au birika. Mota ya pampu ya nguvu-farasi moja hula karibu ampea 5 ikiwa inazunguka, lakini wakati wa kuanza huvuta mara tano au sita ya hapo kwa sehemu ya sekunde. Vidole vya rilei, ile swichi ndogo ya umeme iliyo ndani ya soketi, huruka cheche, na siku moja vinashikana kwa kuyeyuka. Hapo programu inakuonyesha pampu imezima, na pampu inaendelea kusukuma, tangi linafurika na maji yanateremka kwenye kuta zilezile za chokaa. Mpangilio ulio salama ni huu: kifaa kidogo cha Zigbee kinawasha koili ya kontakta (swichi kubwa inayoendeshwa kwa umeme), na kontakta ya daraja la AC-3, yaani la mota, ampea 9 au zaidi, ndiyo inayobeba mota. Boya la tangi la juu, yaani swichi inayoelea juu ya maji, liunganishwe kwa waya kwenye mstari wa koili hiyohiyo, lenyewe likate tangi likijaa, bila kumwuliza mtu wala programu. Boya la pili kwenye tangi la chini likate maji yakiisha, pampu isizunguke kavu. Simu yako ibaki na kazi ya kuwasha, kuangalia, na kukata baada ya dakika fulani kama boya limekwama. Kazi hii pia ni ya fundi mwenye leseni.

Chumvi ya bahari usiisahau. Vihisi vya betri vilivyo karibu na madirisha ya upande wa bahari hupata kutu ya kijani kwenye bati linaloshika betri, na dalili yake ya kwanza ni betri ya CR2032 inayoonekana kuisha kila miezi miwili ilhali ingedumu mwaka au zaidi. Kabla ya kununua betri mpya, fungua, sugua bati kwa kifutio cha penseli, paka tone la grisi ya silikoni. Kinachokaa uani au paani kiwe cha IP65, yaani kilichozibwa vumbi na maji, na waya uingie kwa chini, si kwa juu.

Kamera, ukija kuiweka, usiielekeze mlango wa jirani; vichochoro vyetu ni vyembamba na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 yahusu pia picha za watu wengine. Badilisha nenosiri la kiwandani siku ileile.

Kila kifaa cha Matter utakachonunua baadaye, piga picha ile namba yake ya tarakimu 11 na msimbo wa mraba kabla ya kukitundika. Kikiwa darini hutaweza kuusoma.

Yote yakiwa tayari, fanya jaribio usiku mmoja kabla mama hajaanza kuitegemea. Chomoa waya wa faiba, panda na ushuke: taa ya ngazi lazima iwake. Urudishe, kisha zima habu, bonyeza swichi ya ukutani kwa mkono: lazima iwake. Kisha zima mein swichi, usimame mlangoni mwa chumba cha mama, na uangalie kama mwanga wa taa ya dharura wafika daraja la mwisho la chini. Usipofika, ongeza taa ya pili.